Kitasa Chenye Tundu

Naitwa Ewald Dombrowiak. Kazi yangu vitasa.
Milwaukee, upande wa kusini, duka dogo
kati ya kinyozi na muuza soseji.
Miaka thelathini na minane
nawafungulia watu nyumba zao wenyewe:
mlevi asiyekumbuka ufunguo uko mfuko gani,
mjane aliyetoka na takataka, upepo ukamfungia nje na kandambili,
kichanga kilichojifungia garini kikicheka
huku mama yake akilia juu ya kioo.
Sikuwahi kuuliza nani yumo ndani.
Mkono ulijua kazi; moyo niliuacha garini.

Januari ya mwaka juzi walinipigia simu alfajiri.
Wanaume sita, barakoa, vizibao vinene,
karatasi iliyokunjwa mara nne ambayo sikuisoma.
Nikatia keekee. Unga wa shaba
ukamwagika juu ya theluji
kama bizari juu ya wali.
Walilipa dola mia na themanini, wakadai risiti.
Wakatoka na baba mmoja, mguu mmoja una kiatu;
cha pili kilibaki kizingitini
kimeelekea ndani.
Mke wangu sijamwambia.
Pesa ile nilinunulia matairi.
Kila nikikanyaga breki, nasikia.

Safari hii ni Mtaa wa Tisa, ghorofa ya pili,
kwa Ofelia Tzoc, mfunga jibini wa zamu ya usiku.
Mlango wake naujua kuliko ninavyomjua yeye:
kitasa nilikitia mimi, Oktoba,
akanilipa noti ndogo ndogo na tamale nne za moto,
nami nikamwambia, maneno ya biashara tu,
"Hapa haingii mtu, mama, mpaka umtake."
Ahadi ni deni. Sikujua ningedaiwa mapema hivi.

Nafika, mtaa mzima uko nje.
Filimbi kila dirisha.
Bi Lindqvist, mwalimu wa piano, koti juu ya gauni la kulalia.
Vijana wa mkahawa wa Kihmong wanagonga sufuria.
Na Hollis wa nambari kumi na nne,
aliyesimika bango lao uani kwake mwaka mzima,
ameketi katikati ya ngazi
juu ya kigoda chake cha kuvulia samaki kwenye barafu;
hasemi kitu, hampishi mtu.

"Fungua," akasema mwenye redio.
Nikaomba hati. Nikavaa miwani, nikaisoma
polepole, kama mzazi anayetafuta jina la mwanawe
kwenye orodha ya waliofaulu.
Sahihi ya hakimu haikuwemo.
Ningeweza kusema betri imekufa.
Nilitaka sana kusema betri imekufa.
Nikasema, "Kitasa hiki ni changu,"
nikarudisha keekee sandukuni.

Waliondoka saa tatu. Sisemi tulishinda:
Alhamisi walimchukua mpwa wake kituo cha mafuta,
mahali pasipo na mlango.

Jumatatu ukumbi wa baraza ulifurika hadi barazani.
Diwani, mtu mpole, akataja taratibu,
akataja mafunzo, kamera za kifuani, kamati.
"Chombo kimeharibika," akasema, "tukitengeneze."
Nyuma wakapaza sauti: kivunjwe! kiondoke!
Nikainuka, magoti yanalia,
nikaweka mezani kitasa kimoja cha zamani, kina tundu katikati.

"Mheshimiwa, mimi fundi. Kibovu nakijua.
Kibovu hukwama, hulegea, huukataa ufunguo wake.
Hicho chenu hakijaharibika.
Kinafanya kazi ile ile kiliyoundiwa.
Ukikitia mafuta, kitabana zaidi."

Mtu akakohoa. Hollis akapiga makofi mawili,
akaacha, kama aliyejishtukia.

Mlangoni walinishika mkono, wengi,
mmoja akanikumbatia, ananuka tumbaku na machozi.
Nikakirudisha kitasa ndani ya kopo la kahawa, chini ya benchi,
kilikolala tangu Januari ile.
Hakuna aliyeniuliza
tundu lile alilitoboa nani.